Mafuta ya samaki si ya samaki

UKIINGIA katika duka la dawa lolote mjini, iwe Kariakoo, Mombasa au Unguja, hukosi kuona rafuni chupa za mafuta ya ini la samaki. Wazazi wetu walitunywesha kwa kijiko huku wametubana pua, na sisi leo tunawapa watoto wetu mafuta yaleyale yakiwa ndani ya vidonge laini vya rangi ya dhahabu. Tunaambiwa ni mazuri kwa macho, kwa mifupa na kwa akili. Sina nia ya kubishana na madaktari katika hilo. Swali ninalotaka kulizungumzia ni lile nililoulizwa darasani na kijana wa kidato cha tatu, siku tulipokuwa katika somo la namna Allah (S.W.) anavyowaruzuku viumbe wake. Kijana alinyoosha mkono akasema: “Ustadh, huyo samaki mwenyewe mafuta hayo kayatoa wapi?”

Mimi ni mwalimu wa Maarifa ya Uislamu, na ningeweza kumjibu kwa neno moja tu, kwamba kapewa na Muumba wake, kisha tukaendelea na somo. Jibu hilo ni la kweli, lakini halimwonyeshi mwanafunzi njia ambayo riziki hiyo imepitia, na njia hiyo ndiyo aliyokuwa akiiuliza. Basi nikaenda kusoma. Niliyoyakuta yalinishughulisha kwa miezi mingi, na nimeona si vibaya nikashirikiana nawe, ndugu msomaji, kwa sababu ndani yake mna jambo linaloendelea hivi sasa katika bahari za mbali ambalo watu wengi hawalijui.

Tuanze na samaki mwenyewe. Mafuta hayo kwa asili yalitokana na samaki wa maji ya baridi anayevuliwa katika bahari za Norway, Iceland na Barents. Makamusi yetu humwita chewa, ingawa chewa tunayemjua sisi, huyu wa kwenye miamba, ni samaki mwingine kabisa. Ili tusichanganyikiwe nitamwita chewa wa kaskazini. Sasa, chewa huyu hakuyatengeneza mafuta hayo. Aliyakusanya tu. Aliwala samaki wadogo kama heringi na kapelini, nao waliyapata kwa kula vijidudu vya baharini vinavyolingana na punje ya mchele au pungufu ya hapo, na vijidudu hivyo viliyapata kwa kula vijimea visivyoonekana kwa macho. Vijimea ndivyo vinavyoyatengeneza yale mafuta yanayosifiwa kwenye lebo, kwa mwanga wa jua. Wengine wote katika msululu huo ni wabebaji. Na mbebaji mkubwa kuliko wote ni kile kijidudu cha katikati.

Wataalamu wanaviita viumbe hivi planktoni, neno lililotolewa katika Kigiriki mwaka 1887 na Mjerumani Victor Hensen wa Kiel, kwa maana ya kitu kinachotangatanga kwa kuchukuliwa na maji. Vile vya jamii ya mimea ni fitoplanktoni, na vile vya jamii ya wanyama ni zuplanktoni. Sifa yao si udogo, maana hata yavuyavu mkubwa huhesabiwa humo. Sifa yao ni kwamba hawana nguvu ya kushindana na mkondo. Wamo krili, ambao mtu wa pwani akiwaona atasema ni uduvi, wamo konokono wanaoogelea kwa mbawa, wamo watoto wa kaa na vifaranga vya samaki ambavyo bado havijapata nguvu. Lakini katika bahari za baridi za kaskazini walio wengi ni kopepodi, ndugu wa mbali wa kamba na kaa, na katika kopepodi hao yupo mmoja ambaye bahari ile karibu yote inamtegemea. Jina lake la kitaalamu ni Calanus finmarchicus. Mimi nitamwita Kalanusi.

Aliyemwelezea Kalanusi kwa mara ya kwanza, mwaka 1770, hakuwa mvuvi wala daktari. Alikuwa Johan Ernst Gunnerus, askofu wa Trondheim nchini Norway, na jina la mdudu huyo linatokana na Finnmark, jimbo la kaskazini kabisa la nchi hiyo. Hapa nitaomba radhi kwa wenzangu wa kazi hii ya ualimu wa dini. Tunapenda sana kuwaambia vijana wetu watazame mbingu na ardhi wazingatie, lakini ni wangapi miongoni mwetu tumewahi kuchota maji ya bahari kwenye gilasi tukayatazama kwa hadubini? Askofu yule alitazama.

Kalanusi ana urefu wa milimita mbili hadi nne. Ana papasi mbili ndefu zilizonyooka kulia na kushoto kama mtu aliyetandaza mikono ili asizame, na mwili unaopenya mwanga kiasi kwamba unaweza kuona chakula kikishuka tumboni mwake. Tangu yai mpaka utu uzima hujivua gamba mara kumi na moja. Hatua sita za mwanzo anakuwa kiluwiluwi asiyefanana na wazazi wake, kisha zinafuata hatua tano za ujana, ndipo anakuwa mkubwa. Shika hiyo hatua ya tano ya ujana, kwani ndiyo yenye siri.

Ili kuielewa siri hiyo yafaa kwanza kuelewa tofauti ya bahari ya joto na bahari ya baridi. Katika bahari za ukanda wetu jua linapasha maji ya juu mwaka mzima, na maji hayo mepesi hukaa juu ya maji mazito ya baridi kama mafuta yanavyokaa juu ya mchuzi. Mbolea ya bahari, yaani chumvichumvi zinazolisha vijimea, kwa sehemu kubwa imebaki chini. Upepo wa kusi huivuruga kidogo, lakini kwa ujumla chakula ni haba na kinapatikana kidogokidogo miezi yote. Ndiyo maana ukivuta wavu mwembamba katika bahari ya joto unapata aina nyingi sana za zuplanktoni, kila aina wachache. Kule kaskazini mambo ni kinyume. Majira ya baridi maji ya juu hupoa, yanakuwa mazito na kuzama, dhoruba zinayakoroga mpaka mamia ya mita, na mbolea yote inapanda juu. Tatizo ni kwamba wakati huo hakuna mwanga. Mbolea ipo, jua halipo. Kisha jua linaporudi, kati ya Machi na Mei kutegemea mahali, vijimea hulipuka kwa wingi kiasi kwamba rangi ya bahari hubadilika, na satelaiti huiona kutoka juu. Wiki chache baadaye mbolea ya juu imekwisha na karamu imepungua sana.

Fikiria basi mji ambao soko lake kubwa linafunguliwa wiki sita tu kwa mwaka. Nani ataishi katika mji huo? Ataishi mwenye ghala. Kwa sababu hiyo wanaoweza kuishi kule ni aina chache, lakini hizo chache zikishaweza zinajaa kwa idadi isiyohesabika, na kila mmoja amebeba ghala lake mwilini.

Ghala la Kalanusi ni mfuko mrefu wa mafuta unaopita katikati ya mwili wake. Si mafuta kama ya nazi, ni aina ya nta nyepesi. Kijana wa hatua ya tano aliyeshiba anaweza kuwa na mafuta yanayozidi nusu ya uzito wake mkavu. Mwishoni mwa kiangazi, wakati sisi tungedhani angebaki juu kuokota mabaki, yeye huacha kula na kushuka. Anashuka mita 500, mita 1,000, hata zaidi, mpaka kwenye maji ya giza na baridi kali, na huko analala. Utumbo wake husinyaa, mapigo ya mwili wake hupungua, na anaishi kwa kuchoma mafuta yake taratibu kwa miezi mitano, sita au zaidi. Katika Bahari ya Norway na katika mfereji wenye kina kati ya visiwa vya Faroe na Shetland wamelala kwa maelfu chini ya kila mita moja ya mraba. Baridi inapokaribia kwisha wanaamka, wanajivua gamba la mwisho, wanapanda juu kwa mafuta yaliyosalia, na majike wanataga mayai yao sambamba na mlipuko wa vijimea. Hakuna aliyewapigia kengele huko chini, ambako mwanga wa majira haufiki. Ni kitu gani kinachowaamsha, bado wataalamu wanajadiliana.

Kushuka kwao kuna faida nyingine ambayo imeanza kupewa uzito katika miaka ya karibuni. Mafuta wanayoyachoma huko chini yametokana na hewa ya ukaa iliyonaswa na vijimea juu. Hewa hiyo inapotolewa katika kina cha mita elfu moja haipandi upesi kurudi angani, hubaki huko chini kwa miaka mingi. Kalanusi kwa maana hiyo ni hamali anayeteremsha mizigo ya kaboni kila mwaka bila ujira.

Mbali na safari hiyo ya mwaka, zipo safari za kila siku. Zuplanktoni wengi hupanda juu usiku kula na kushuka chini mchana kujificha, kwa sababu samaki anayewinda kwa macho anahitaji mwanga. Wavuvi wetu wa dagaa hawahitaji kusomeshwa jambo hili. Dagaa wa Ziwa Viktoria wanakula zuplanktoni, na wanavuliwa usiku kwa karabai na taa katika siku za giza. Mwezi ukishakuwa mpevu taa haina nguvu tena, na wavuvi hupumzika wakatengeneza nyavu.

Na hapo ndipo kaskazini walipowashangaza watafiti. Katika kisiwa kikubwa cha Svalbard, kwenye mji wa Longyearbyen, jua halichomozi kwa zaidi ya miezi mitatu ya baridi. Ilidhaniwa kwa muda mrefu kwamba katika giza hilo viumbe wadogo hawana cha kupandia wala kushukia. Mwaka 2016 watafiti wakiongozwa na taasisi ya sayansi ya bahari ya Scotland walichapisha matokeo ya vyombo vya kupima mwangwi vilivyokuwa vimetegwa miaka mingi katika sehemu mbalimbali za bahari ya Aktiki. Walikuta kwamba jua linapoondoka, zuplanktoni wanaanza kuufuata mwezi. Safari zao zinaacha kwenda kwa saa 24 na zinakwenda kwa saa 24 na dakika 50 hivi, ambao ndio muda wa mwezi kurudi mahali pale pale angani. Kila mwezi unapokuwa mpevu na kuangaza juu ya barafu, wanazama kwa pamoja mpaka kiasi cha mita 50 kuwakimbia wawindaji wanaotumia mbalamwezi. Sisi Waislamu wa Afrika Mashariki tunagombana kila mwaka kuhusu mwandamo. Nimesoma habari hii mara mbili tatu nikawa najiuliza kama vijidudu wale nao wana kamati.

Turudi kwenye jambo zito. Kwa karne nyingi wavuvi wa Norway walikuwa na miaka ya neema na miaka ya njaa, na hakuna aliyejua sababu. Wengi walidhani samaki wamehama. Mnorway Johan Hjort na wenzake walianza kuhesabu umri wa heringi kwa kusoma magamba yao, kama mtu anavyosoma pete za mti uliokatwa, wakagundua jambo la ajabu: heringi waliozaliwa mwaka mmoja tu, mwaka 1904, ndio waliotawala nyavu kwa zaidi ya miaka kumi. Waliozaliwa miaka iliyofuata walikuwa kidogo tu. Mama zao walikuwepo na mayai yalitagwa kila mwaka. Ila mwaka 1904 vifaranga vilipona, na miaka mingine vilikufa. Katika kitabu chake cha mwaka 1914 Hjort alisema kwamba hatima ya kizazi kizima cha samaki huenda inaamuliwa katika siku chache, pale kifaranga kinapomaliza kiini cha yai lake na kulazimika kupata tonge la kwanza kutoka baharini. Tonge hilo kule kaskazini, kwa chewa na kwa heringi, mara nyingi ni kiluwiluwi cha Kalanusi. Baadaye Mwingereza David Cushing aliliendeleza wazo hilo akasema suala si wingi wa chakula pekee, ni miadi. Vifaranga na chakula chao vikikutana kwa wakati, samaki wanajaa. Vikipishana kwa wiki chache, chakula kinaweza kuwa kimejaa baharini na vifaranga vikafa kwa njaa.

Lakini utajuaje kama miadi imevunjika, ikiwa humhesabu huyo mdudu? Hapa anaingia Alister Hardy, Mwingereza aliyezaliwa mwaka 1896. Alipokwenda katika msafara wa meli ya Discovery kusini mwa dunia, kati ya mwaka 1925 na 1927, alibuni sanduku la chuma lenye umbo kama la samaki, linaloburutwa nyuma ya meli kwa waya. Maji yanaingia kwenye tundu dogo mbele na kupita katika kitambaa cha hariri. Rafadha ndogo inayozungushwa na mwendo wenyewe inaviringisha hariri hiyo polepole, na kitambaa cha pili kinakuja juu yake kama mkate wa kubana, kisha vyote vinaingia kwenye tangi la dawa ya kuhifadhia. Uzuri wake ni kwamba hakihitajiki chombo cha utafiti. Meli yoyote ya mizigo inaweza kuliburuta, na nahodha halazimiki kujua chochote zaidi ya kulishusha na kulipandisha. Safari za utaratibu zilianza mwaka 1931 katika Bahari ya Kaskazini, ile iliyo kati ya Uingereza, Denmark na Norway. Vita Kuu ya Pili ilizisimamisha, kisha zikaendelea, na mpaka leo masanduku hayo yanaburutwa. Kila kipande cha hariri kinawakilisha maili kumi za bahari, na jumla ya maili zilizokwisha kupimwa inazidi milioni sita. Vipande vinafunguliwa Plymouth, na watu wanaketi kwenye hadubini wakihesabu mdudu mmoja mmoja kwa utaratibu ambao kwa makusudi wameukataa kuubadili tangu mwaka 1958, ili takwimu za babu zilingane na za mjukuu.

Ndugu msomaji, nakuomba utafakari subira ya kazi hiyo. Kwa miaka mingi ilionekana haina faida, na zaidi ya mara moja ilikaribia kukosa fedha. Nani atatoa fedha za umma ili watu wahesabu vijidudu kwenye kitambaa? Faida yake ilikuja kuonekana pale ambapo hakuna chombo kingine duniani kingeweza kujibu swali lililoulizwa.

Swali lilikuwa hili: chewa wa Bahari ya Kaskazini wamekwenda wapi? Kuanzia miaka ya 1960 chewa walikuwa wengi mno. Kuanzia katikati ya miaka ya 1980 wakaanza kuporomoka. Hariri za Hardy zilionyesha kwamba katika miaka hiyohiyo kuna badiliko kubwa lilitokea chini kabisa ya ngazi ya chakula. Kalanusi ana dada yake anayeitwa Calanus helgolandicus, wa maji ya vuguvugu ya kusini, anayefanana naye mno, hata mhesabuji mara nyingi analazimika kutazama umbo la mguu wa tano ili awatofautishe. Maji yalipopanda joto, dada huyu aliingia na Kalanusi wa baridi akarudi nyuma. Utafiti ulioongozwa na Mfaransa Grégory Beaugrand, uliochapishwa mwaka 2002, ulionyesha kwamba kopepodi wa maji ya joto walikuwa wamesogea kaskazini kwa nyuzi 10 za latitudo, yaani zaidi ya kilomita 1,000, katika miaka 40. Mwaka uliofuata yeye na wenzake waliunganisha badiliko hilo na kukosekana kwa vifaranga vya chewa.

Mtu anaweza kusema, dada kachukua nafasi ya dada, tatizo liko wapi? Tatizo ni miadi. Kalanusi wa baridi hujaa majira ya kuchipua, wakati vifaranga vya chewa viko kinywa wazi. Dada yake wa kusini hujaa zaidi mwishoni mwa kiangazi na vuli, wakati vifaranga hivyo ama vimeshakua na kuhitaji kitu kikubwa zaidi, ama vimeshakufa. Tena wingi wake haukufikia wa yule aliyeondoka. Ukijumlisha dada wote wawili, uzito wa Kalanusi katika Bahari ya Kaskazini ulipungua kwa takriban asilimia 70 kati ya miaka ya 1960 na miaka ya baada ya 1990.

Lipo jambo jingine linalozidisha udhaifu wa bahari ile. Ni ya kina kifupi, kwa wastani chini ya mita mia moja, hivyo Kalanusi hana pa kulala humo. Kila mwaka analazimika kuingia upya akitokea kwenye vilindi vya Faroe na Shetland, akibebwa na mikondo. Maana yake ni kwamba afya ya bahari hiyo inategemea pia kina cha bahari nyingine, baridi yake, na upepo wa mwezi wa Machi. Serikali yoyote ya Ulaya haina mamlaka juu ya mambo hayo.

Mjadala uliofuata naufananisha na mijadala yetu mingi. Wako waliosema ni uvuvi wa kupita kiasi tu, na wako wavuvi waliosema ni joto tu, sisi hatuna hatia. Kwa maoni yangu hariri ile haimpi ushindi yeyote kati yao. Uvuvi uliondoa wazee, wale majike wakubwa ambao wangeweza kutaga mwaka baada ya mwaka wakingoja mwaka mmoja mzuri mithili ya 1904. Walipobaki vijana pekee, kila kizazi kikawa kinategemea chakula cha mwaka huohuo, na hapo ndipo joto likaja kukiondoa chakula hicho. Mtu mwenye akiba hupita katika ukame, asiye na akiba hapiti. Kwa hiyo aliyepunguza akiba hawezi kujitetea kwa kusema ukame haukuletwa na yeye.

Waliotegemea ngazi hiyo si chewa peke yao. Kuna visamaki vyembamba kama mikunga vinavyojifukia mchangani, ambavyo hula Kalanusi na huliwa na ndege wa baharini. Mwaka 2004 katika visiwa vya Shetland na Orkney, ndege wa aina kadhaa walishindwa karibu kabisa kulea makinda, kwa kuwa visamaki hivyo vilikuwa haba. Uingereza ilifunga uvuvi wa visamaki hivyo katika sehemu yake ya Bahari ya Kaskazini mwaka 2024, na Umoja wa Ulaya ukaupinga uamuzi huo hadi kwenye usuluhishi wa kimataifa. Ng’ambo ya pili ya Atlantiki yupo nyangumi ambaye wamebaki chini ya 400 duniani. Mnyama mwenye uzito wa makumi ya tani anakula mdudu wa milimita tatu, na kwa siku anahitaji zaidi ya tani moja. Ghuba ya Maine ilipopata joto kali baada ya mwaka 2010 na Kalanusi wakapungua huko, nyangumi waliwafuata mpaka Ghuba ya St. Lawrence nchini Kanada, kwenye njia za meli na mitego ya kaa ambako hakukuwa na taratibu za kuwalinda. Mwaka 2017 walikufa 17, kumi na wawili wakiwa Kanada. Waliochunguzwa, wengi walikuwa wamegongwa na meli au wamenaswa kwenye kamba.

Ukizidi kwenda kaskazini, Kalanusi wetu anageuka kuwa yeye ndiye mgeni wa kusini. Huko wenyeji ni ndugu zake wakubwa zaidi. Mmoja hutumia vijimea vinavyoota chini ya barafu kupata nguvu ya kutaga, ili watoto wake wawahi mlipuko wa bahari iliyo wazi. Mwingine, mkubwa kuliko wote, hutaga katikati ya giza la baridi kwa mafuta ya akiba peke yake, na anaweza kuishi miaka kadhaa. Kuna ndege mdogo mweusi na mweupe wa Svalbard anayewategemea hao wenye mafuta mengi. Watafiti wamekadiria kwamba ili alee kinda lake anahitaji kukamata kopepodi wapatao 60,000 kwa siku. Maji ya Atlantiki yakisukuma mbele na kuleta Kalanusi mdogo mwenye mafuta pungufu mara kadhaa, ndege huyo analazimika ama kukamata wengi zaidi, ama kuruka mbali zaidi. Siku yake ina saa zilezile.

Sasa nirudi duka la dawa, maana msomaji wa mjini huenda akakutana na bidhaa mpya. Wanorway wamefikiri hivi: ikiwa mafuta yanatoka kwa Kalanusi, kwa nini tumsubiri chewa? Baada ya miaka mingi ya majaribio, mwaka 2019 nchi hiyo iliruhusu rasmi uvuvi wa biashara wa Kalanusi kwa mgao wa tani 254,000 kwa mwaka. Mafuta yake yanauzwa katika vidonge, kama yale ya krili wa kusini mwa dunia. Kwa wanaouliza uhalali, katika madhehebu ya Shafi tunayoyafuata wengi wetu pwani hii, viumbe vya baharini vina wigo mpana wa halali. Ndugu zetu wa Hanafi wanaishia kwa samaki, na kopepodi si samaki, hivyo kwao suala lina mjadala. Kinachotakiwa kuulizwa kwa makini zaidi na wote ni gamba la kidonge limetengenezwa kwa jelatini ya mnyama gani.

Je, mgao huo ni mkubwa? Ukilinganisha na wingi wa Kalanusi katika Bahari ya Norway, ambao Wanorway wenyewe wanaukadiria kwa makumi ya mamilioni ya tani, ni sehemu ndogo sana, na kinachovuliwa hasa kimekuwa pungufu mno ya kilichoruhusiwa. Sisemi kwamba ni dhuluma. Wasiwasi wangu uko kwenye wavu. Wavu unaoweza kumnasa mdudu wa milimita tatu unanasa pia mayai na vifaranga vya chewa na heringi vilivyo pembeni yake, vikiwa vimekuja kumla. Karibu na pwani, ambako vifaranga hivyo vinasongamana majira ya kuchipua, Norway yenyewe imeruhusu kiasi kidogo tu cha mgao huo. Pale pana mgongano halisi, maana Kalanusi mwenye kufaa kuvuliwa ni yule aliye juu, amekusanyika na ameshiba, na huyo ndiye yule ambaye kifaranga cha chewa kina miadi naye. Kwa upande wangu, kama mtoto wangu atahitaji mafuta hayo, nitaendelea kuyanunua yaliyokwisha kupita kwa chewa.